Namba Sita na Namba Tisa

Madaktari waliosomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali ile kubwa walimwita Bi Faili, na hakuwahi kukasirika. Alikuwa karani wa ofisi ya mafunzo kwa miaka ishirini na miwili. Madaktari waliingia pale na bahasha za vyeti, wakatoka mabingwa, na katikati hapo kila karatasi yao ilipita mezani pake: barua za maombi, fomu za usaili, matokeo ya mitihani, barua za onyo, ruhusa za uzazi na za msiba. Mtu akipoteza cheti, alijua kimelala kabati gani. Mtu akidanganya tarehe, alijua pia, ila alinyamaza mpaka aulizwe. Watu walisema Bi Faili hakosei. Alikuwa amelisikia neno hilo miaka mingi hadi naye akaliamini.

Alipobakiza miezi minane kustaafu, Profesa alimletea kazi.

Profesa ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi na viatu visivyoshika vumbi. Kila mwaka madaktari zaidi ya sitini waliomba nafasi nane, na kila mwaka bodi iliumiza kichwa kwa swali lile lile: nani atafika, na nani ataishia njiani? Bodi nzima ilikuwa na wasiwasi, isipokuwa Profesa.

"Mtu akikaa mbele yangu dakika kumi, nimeshamjua," alisema akiwa ameegemea kabati la chuma. "Anavyoingia, anavyokaa, anavyojibu. Sasa sikiliza. Bodi inakutana Ijumaa, na nataka usaili ubebe alama sabini kati ya mia. Nitolee fomu za usaili za miaka kumi na miwili, kila moja uiwekee matokeo ya mwisho ya mwenyewe kando, tuwaonyeshe hawa wabishi. Ukimaliza, fomu za zamani zote zikachomwe Jumamosi. Stoo imejaa."

"Itakuwa tayari, Profesa."

"Najua. Wewe hukosei."

Jumatatu yote alishinda na rula na kalamu. Kompyuta alikuwa nayo, lakini mambo mazito alipenda kwanza kuyaona kwenye karatasi kubwa. Upande wa kushoto aliandika alama za usaili, upande wa kulia alama za mtihani wa mwisho baada ya miaka minne. Kufika Jumanne mchana alianza kukuna kichwa, maana safu mbili zile hazikusalimiana hata kidogo. Kuna daktari aliyepata tisini na mbili kwenye usaili, wakamwandikia "nyota", akaacha mwaka wa pili. Siku hizi anauza vitanda vya hospitali. Mwingine alipita kwa kuponea chupuchupu, wa mwisho katika kundi lake, na sasa ndiye mkuu wa wodi ya walioungua. Waliokaa juu waliteremka, waliokaa chini walipanda, wengine walibaki palepale, kama vile mtu amerusha punje za mahindi hewani.

Akajiambia: labda mimi ndiye ninayehesabu vibaya. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Alizigeuza fomu akasoma nyuma, mahali wasaili walipoandika maoni yao kwa mkono. Bodi haikusoma kamwe upande huo. Bodi ilisoma jumla tu.

Ili wajumbe wasimpendelee mtoto wa shangazi, fomu hazikwenda kwao na majina. Usaili ukishaisha, Bi Faili mwenyewe alikata jina juu ya kila fomu kwa mkasi, kisha akabandika kwa gundi kikaratasi chenye namba. Daftari lililosema namba fulani ni fulani alilifungia kabatini.

Alipofika kwenye fomu za miaka tisa nyuma, akaishika namba sita. Daftari lilisema namba sita ni Twiga. Hospitali nzima ilimjua Twiga: bingwa wa kupasua watoto, mwanamume mrefu hadi taa za chumba cha upasuaji ilibidi zipandishwe akiingia. Watoto wa siku mbili, wa siku tatu, waliozaliwa na matumbo yaliyojifunga, waliletwa kwake kutoka miji ya mbali. Usaili, themanini na moja. Vizuri, akasema moyoni. Angalau huyu Profesa alimwona sawasawa. Akageuza nyuma.

Ulikuwa mwandiko wa Profesa, wenye mikia mirefu. *Amejifungua miezi mitatu iliyopita na bado amejibu kuliko wote. Mikono imetulia. Achukuliwe.*

Bi Faili alisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena.

Twiga, kajifungua?

Kwanza alitaka kucheka. Kisha akainama kwenye boksi la chini, la fomu za waliokataliwa, akapekua mpaka akaipata namba tisa ya mwaka ule. Arobaini na tatu. Nyuma yake, mwandiko ule ule: *Anatetemeka. Sauti haisikiki. Mrefu bure. Hatafika.* Akalifungua daftari. Namba tisa alikuwa mwanamke.

Alivitazama vile vikaratasi viwili. Sita na tisa, vimechapwa bila mstari chini, vimebandikwa juu chini. Vimebandikwa na yeye. Alijaribu kuikumbuka siku ile, alikuwa anawaza nini, nani alimwita katikati ya kazi, hakuipata. Ilikuwa siku kama siku nyingine.

"Vipi, inakwenda?"

Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Bi Faili alizilalia fomu zile kwa mkono wake wote, kama mwanafunzi anayeficha jibu.

"Inakwenda, Profesa."

"Mbona jasho?"

"Joto tu."

Profesa akatazama dirisha, lililokuwa wazi na upepo ukipeperusha pazia. Akaguna, akaenda zake. Bi Faili alisubiri mpaka viatu viliposikika vikishuka ngazi, akazikunja fomu mbili zile, akazitia kwenye mkoba chini ya khanga na kopo la chakula. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kutoka na karatasi ya ofisi. Alipopita kwa mlinzi getini, alihisi mkoba unapiga kelele.

*

Mume wake alikuwa fundi bomba. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa ananawa grisi kwenye beseni, kisha akauliza, "Mama watoto, kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Na karatasi zinachomwa Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Basi! Mungu akuletee kiberiti kwa mkono wake mwenyewe, nawe useme hukukiona?"

"Na yule mama wa watu?"

"Yule mama ni daktari. Ana kazi yake, anakula, anavaa." Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Sikia. Nikifunga bomba vibaya, maji yakavuja, nitarudi kuziba. Lakini hili bomba umelifunga miaka tisa, watu wamejenga nyumba juu yake. Ukilifukua, nyumba itasimama? Wakimwambia Twiga aliingia kwa makosa, wakamvua ubingwa, wale watoto utawapasua wewe na mkasi wako wa karatasi?"

Kwa ajili yake mwenyewe alikwishajikaza: barua ya onyo, kufukuzwa, aibu ya wenzake, mafao ya uzeeni kupigwa danadana. Lakini hilo la watoto lilimkaa kifuani. Jumatano alikwenda kazini akamaliza jedwali lote, akaacha mstari mmoja mtupu, wa namba sita wa mwaka ule. Kila mlango ulipofunguliwa, moyo ulimruka. Mchana alimwona Twiga kwenye korido, ameinama karibu kukunjika mara mbili, akimweleza bibi mmoja kwa sauti yake ndogo jinsi mjukuu wake atakavyolishwa. Bi Faili aligeuka akapita njia ya ngazi za nyuma.

Alhamisi aliomba ruhusa, akasema jino linamsumbua.

*

Daktari aliyekuwa namba tisa alifanya kazi katika kituo cha afya pembeni mwa mji: vyumba vinne, benchi refu la mbao na choo kimoja chenye foleni yake. Bi Faili alikaa kwenye benchi na wagonjwa, akasogea kila aliposogea mwenziwe. Mlango wa daktari ulikuwa wazi nusu. Alimwona akisafisha kidonda cha mguu wa mzee mmoja, kidonda kibaya, na mzee aliyekuwa ameuma meno akaanza kuyalegeza. Mikono ile haikuwa na haraka wala wasiwasi. Bi Faili alitamani kuondoka. Angeondoka, lakini zamu yake ilifika.

"Karibu mama, kaa. Nini kinakusumbua?"

"Mimi si mgonjwa, daktari. Natoka ofisi ya mafunzo, hospitali kuu."

Uso wa daktari ulijifunga. "Huko sina faili."

"Unalo." Akaziweka fomu zote mbili mezani. "Zisome nyuma. Halafu nitakueleza."

Daktari alisoma. Nje mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Bi Faili alieleza kwa maneno machache aliyokuwa ameyapanga njia nzima: mkasi, gundi, namba zilizopinduka. Hakusema kwamba alikuwa na kazi nyingi. Hakusema kwamba binadamu hukosea.

"Nilipata arobaini na tatu," daktari alisema.

"Hukupata, daktari."

"Barua ninayo nyumbani."

"Barua niliichapa mimi. Ulipata themanini na moja. Ulikuwa wa kwanza."

Daktari aliweka kidole juu ya neno *imetulia*, akakiacha hapo. "Mume wangu aliniambia niombe tena mwaka uliofuata. Tuligombana. Nikamwambia watu wanaoijua kazi wameniona kwa macho yao, wamesema siwezi, wewe unayeniona jikoni unajua nini?" Alinyanyua uso. "Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja ujue."

"Sasa nimejua. Kuna watu ishirini nje. Ukitoka mwite anayefuata."

Bi Faili alisimama. Alipofika mlangoni akasikia nyuma yake, "Huyo mwingine. Aliyeingia na alama zangu. Yukoje?"

Angeweza kusema lolote. "Ndiye bora tuliye naye," alisema.

Daktari alizikunja fomu zote mbili, akamfuata nazo mlangoni akampa. "Angekuwa mbovu ingekuwa rahisi kidogo," akasema. "Mwite anayefuata, mama."

*

Ijumaa bodi ilikaa. Wajumbe walikuwa watano kuizunguka meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa daktari wa usingizi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, na aliyewawakilisha mabingwa alikuwa Twiga, magoti yake yamegusa meza kwa chini. Profesa alizungumza robo saa juu ya jicho la mzoefu. Kisha akamwonyesha Bi Faili kwa kalamu. "Karani wetu ameandaa ushahidi. Gawa."

Aligawa. Wajumbe waliinamia jedwali. Profesa, aliyekuwa bado anatabasamu, akaanza naye kusoma.

"Hii imepangwa vibaya," alisema.

"Imepangwa sawa, Profesa. Nimeirudia mara tatu. Usaili haukutuambia nani atafika."

"Nilikuagiza uandae, sikukuagiza utoe maoni."

"Mwache," Mwenyekiti alisema. "Na huu mstari mtupu?"

Bi Faili alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alimtazama Twiga, na Twiga, asiyejua lolote, akamwitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia mtu anayeingizwa chumba cha upasuaji. Hilo nusura limvunje. Lakini alisema. Alisema mwaka, akasema namba, akasema nani alibandika. Kisha akazigeuza fomu akasoma ya kwanza, na ya pili, neno kwa neno. Alipofika kwenye *Hatafika*, sauti ilimkatika, akalirudia ili lisikike.

Profesa alisimama. "Nani amekutuma? Miezi minane ustaafu, unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Kosa ni langu, Profesa. Si lako."

"Basi ungelileta kwangu kwanza! Ofisini!"

"Fomu zilikuwa zichomwe kesho."

"Naomba niione," Twiga alisema.

Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza. Fomu ilipitishwa mkono kwa mkono hadi kwake, akaisoma akiwa ameishika mbali kidogo, kama mtu anayetazama picha ya mifupa. Mjumbe mmoja alikohoa bila sababu. Bi Faili alijisikia kama amemchoma mtu kisu na sasa anangojea kuona damu.

"Ni kweli, nilitetemeka," Twiga alisema hatimaye. "Mwaka wa kwanza mzima nilitetemeka. Nilikuwa nikirudi chumbani najifunza kufunga nyuzi za kushonea kwenye mguu wa kitanda mpaka vidole vitoke malengelenge. Kila siku nilingoja mtu agundue kwamba mimi si wa hapa." Akatabasamu kidogo. "Kumbe nilikuwa sahihi."

Mtu alicheka, akajuta.

"Lakini nilikuwa na ile barua," aliendelea. "Themanini na moja. Nikijisikia vibaya naitoa naisoma. Nikajiambia, wazee hawa wameona kitu, mimi ndiye nisiyekiona. Nisiwaaibishe." Aliilaza fomu mezani akainyoosha kwa kiganja. "Yule mama aliyekataliwa yeye alipewa barua ya kwangu. Miaka tisa amekuwa akiisoma ya kwangu."

Mwenyekiti aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Kisha akatoa maamuzi kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa ahesabu hadi kumi. Ubingwa wa Twiga hauguswi. Mitihani minne aliifaulu mwenyewe, hakuna aliyembandikia. Daktari wa kituo aandikiwe, aelezwe ukweli, na akitaka nafasi apewe bila usaili. Fomu zisichomwe. Usaili upewe alama thelathini, na kuanzia mwaka huu waombaji wafanye kazi wodini miezi miwili kwanza, waonekane wakichoka na wakikosea. Na karani apewe barua ya onyo, atolewe ofisi ya mafunzo.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwenyekiti."

Jioni, Bi Faili akiwa anapanga vitu vyake kwenye boksi, Profesa aliingia ofisini. Safari hii hakuegemea kabati. Alisimama mbele ya boksi lile la chini kabisa, la waliokataliwa, mamia ya fomu zilizobanwa kwa raba.

"Hawa," alisema. "Hawa hatuna matokeo yao."

"Hatuna. Hawakuingia."

"Kwa hiyo hatuwezi kujua wangapi."

"Hatuwezi, Profesa."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, kiti alichozoea kuwaacha wengine wakikalie, mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

*

Bi Faili alihamishiwa stoo ya nguo, akawa anatoa mashuka na magauni ya upasuaji kupitia kidirisha. Mumewe alinuna siku tatu. Siku ya nne akaja kumchukua kazini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, akambebea mkoba. "Heri hivyo," alisema tu. "Ungelichoma, ningeishi na mtu anayeshtuka kila mlango ukigongwa."

Daktari wa kituo hakujibu barua wiki ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe, akasaini. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Vijana aliosoma nao walimwita "mama", na wengine walinong'ona kwamba hatamaliza mwaka. Msimamizi aliyepangiwa alikuwa Twiga. Mfagizi wa chumba cha upasuaji alikuwepo siku walipokutana, na habari ikafika stoo kabla ya saa sita. Alisema Twiga alisimama mbele yake hajui aweke wapi mikono ile mirefu, akasema, "Sijui nikwambie nini, daktari." Naye akamjibu, "Niambie ratiba ya kesho."

Jaribio la kwanza la maandishi alifeli. Miaka tisa mbali na vitabu si mchezo. Mfagizi alisema alimwona kwenye ngazi, amekaa na karatasi mapajani, na Twiga amekaa ngazi mbili chini yake ili walingane, wanarudia swali moja moja. Jaribio la pili alipita, si kwa kishindo.

Bi Faili hakumwendea. Walipopishana kwenye korido, daktari alisalimia kama anavyosalimia kila mtu, akapita. Hakuna neno la msamaha lililosemwa, naye hakulidai.

Wiki yake ya mwisho kazini, mchana, kidirisha kiligongwa. Alikuwa yule daktari, kofia ya upasuaji bado kichwani, alama ya barakoa imemchora mashavuni.

"Nipe magauni manne, mama. Saizi ndogo ziwe mbili."

Bi Faili alihesabu, akasukuma kitabu cha kusaini. Daktari alishika kalamu, hakuandika.

"Leo nimefanya henia," alisema. "Ya mtoto wa miaka miwili. Mwanzo hadi mwisho, mimi mwenyewe. Twiga alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, hakugusa kitu."

"Ukaogopa?"

"Mno."

"Na mtoto?"

"Ameamka. Anataka maji, anamkataa kila mtu isipokuwa mama yake."

Alisaini, akayakumbatia magauni yale kifuani, akaondoka kwa haraka kuelekea kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, kwa sababu mgonjwa wa pili alikuwa ameshalazwa mezani.